Mfumo Haukushika Ufunguo

Scholastika alizaliwa amekunja pua. Ndivyo walivyosema watu wa Mtua, kwao huko Nachingwea, na hawakumsingizia. Tangu mdogo, mtu akimdanganya hakubishana naye. Alimtazama kuanzia kisigino hadi utosi, kama mnunuzi anayepima kitambaa kilicholiwa na panya, kisha akaenda zake. Tabia hiyo ilimletea viboko vingi shuleni na, baadaye, shahada tatu. Sasa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, akifundisha elimu ya jamii, na somo alilobobea lilikuwa lile ambalo wakuu wake hawakupenda kulitaja mbele ya wageni: kwa nini serikali hutenda uhalifu. Si wezi wa kuku, si vibaka wa stendi. Serikali, zenye mihuri na magari na wimbo wa taifa.

Alikuwa amesoma habari za nchi nyingi na kote aliona mambo yaleyale. Mkubwa anataka matokeo ya haraka kuliko sheria inavyoruhusu. Kazi chafu inakatwa vipande vidogo ili kila mmoja abebe kipande kisichonuka. Maneno yanapozwa mpaka hayachomi ulimi, na watakaoumizwa wanaitwa kwanza wageni. Ikifika hapo, hata mtu wa kusali kila Jumapili anaweza kushiriki kuua, akanawa mikono, akaenda kula chakula cha mchana. Scholastika aliyasema hayo darasani kwa sauti kavu, na wanafunzi wakaandika. Lakini wote aliowasoma walikuwa wa vitabuni. Hakuwahi kukaa nao meza moja.

Kiangazi kikiwa kimekaza, alipigiwa simu na Fortunatus. Huyu alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Wazazi wake walifariki angali mchanga, akalelewa na mama yake Scholastika pale Mtua, wakala sahani moja na kugombania mfupa mmoja. Sasa alikuwa afisa habari wa Kikosi cha Bonde Safi, kikosi kazi kilichoundwa kuondoa mifugo kwenye mabonde ya mpakani mwa Nachingwea na Ruangwa. Fortunatus alizunguka kwanza, akauliza afya, akauliza joto la Dar. Halafu akasema kuna tukio limetokea. Mfugaji mmoja alifariki ndani ya boma la kuzuilia mifugo, maneno yamekuwa mengi, na kamati ya uchunguzi inakuja. Mratibu wao alikuwa anatafuta msomi wa kuandika andiko kuhusu tabia za wafugaji, ukaidi wao na mila zao, ili kamati ielewe. "Dada, nimekutaja wewe," alisema. "Wewe ni mtu wa nyumbani."

Scholastika alikubali papo hapo. Fortunatus akadhani ni undugu. Haukuwa undugu. Ilikuwa njaa ya mtafiti aliyealikwa na watenda kazi wenyewe kabla sabuni haijakauka mikononi mwao.

Alishuka Nachingwea kwenye joto la kupasua midomo. Mji ulikuwa uleule, na barabara zake pana zilizochorwa na Waingereza kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota kamwe. Kila alipoziona alifikiri jambo moja: serikali ikikosea hubaki na barabara, na watu hubaki na vumbi. Fortunatus alimpokea kwa gari la kikosi. Alikuwa amenenepa shingo. Akambebea begi, akamsifia, akamwambia mratibu anamsubiri mezani.

Mratibu aliitwa Alfred. Alikuwa mwanamume nadhifu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuchokonoa meno huku mwenzake akiongea. Juu ya wali na kuku alisimulia kilichotokea, na Scholastika hakusikia jina la mtu hata moja. Kulikuwa na zoezi. Zoezi lilipata changamoto. Mifugo vamizi ilihifadhiwa. Mfugaji alijipenyeza kwenye boma kwa nia ya kuiba mifugo, na mifugo ikamkanyaga.

"Mifugo ya nani aliyotaka kuiba?" Scholastika aliuliza.

"Yake," Alfred alisema, akahamishia kijiti upande wa pili wa mdomo. "Lakini kwa wakati huo ilikuwa mikononi mwa serikali."

Scholastika akamtazama kuanzia viatu hadi utosi. Alfred akadhani anavutiwa.

Kesho yake Scholastika alipanda bodaboda kwenda Chunyu, upande wa Ruangwa, alikokuwa akiishi mjane wa marehemu. Marehemu aliitwa Ndalahwa na mjane ni Rahabu. Walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakafukuzwa mahali pamoja na pengine, mpaka wakafika kusini na kupewa eneo na serikali ya kijiji, kwa mkutano na kwa vigelegele. Wakalima mahindi, wakauza maziwa kwa jirani zao Wamwera, wakazika mtoto mmoja hapohapo. Halafu bonde likabadilishwa jina kwenye ramani, na wao wakawa wavamizi bila kusogea hatua.

Rahabu hakuwa mtu wa machozi mbele ya wageni. Alimweleza kwa Kiswahili cha polepole, akitafuta neno na kulisubiri mpaka lije. Ng'ombe walikamatwa malishoni, wakaswagwa mpaka kwenye boma, na bomani hapakuwa na maji. Siku za kwanza waliposikika wakilia, kikosi hakikuhangaika, kwa sababu kilio kile ndicho kilichotakiwa. Mwenye ng'ombe akisikia atakuja upesi kukubali masharti. Ndalahwa alifunga madumu ya maji kwenye baiskeli akaenda. Akakatazwa. Akaruka ua na dumu moja mgongoni. Hakurudi. Walipoletewa mwili waliambiwa amekanyagwa, na shemeji zake waliomwosha walimkuta mbavu zote nzima.

"Midomo ndiyo ilikuwa imepasuka," Rahabu alisema. "Kama ya ng'ombe wale wengine."

Scholastika alitaka kusema pole akaliacha neno hilo, maana Alfred alishalitamka mezani, juu ya wali na kuku, likiwa limepakwa mafuta ya kupikia. Akakaa tu naye mpaka jua lilipopinda.

Boma lenyewe lilikuwa nje kidogo ya njia, uwanja wa miti iliyochongoka na waya, na ndani mbolea iliyokauka na mifupa ambayo hakuna aliyejisumbua kuizoa. Mlinzi alikuwa bado yupo, akilinda mifupa. Aliitwa Saturnini, mzee wa makamo ambaye baba yake alivuka Ruvuma akitoka Msumbiji wakati wa vita na hakurudi tena kwao. Alikataa kuongea. Scholastika akamwahidi, kama alivyowaahidi watu wote aliowahi kuwahoji maishani, kwamba jina lake halitatoka na maneno yake hayatamrudia. Ahadi hiyo kwake ilikuwa kama mwiko wa kuzaliwa nao. Mtafiti anayeivunja hana tena kazi. Saturnini akatazama njia zote mbili, akaanza.

Alisema alimkamata Ndalahwa ndani ya boma akimnywesha ndama. Hakumpiga. Alimpigia simu mratibu kuuliza afanye nini na mtu huyu. Mratibu akajibu: kama anawapenda ng'ombe wake hivyo, mwache akae nao, funga, na maji asipewe mpaka jamaa zake waje kuomba radhi. Saturnini akamfungia kwenye kizimba cha ndama chenye nondo hadi juu, akatia kufuli. Mtu alikuwa ndani, jua lilikuwa kali, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Siku iliyofuata mtu yule akaacha kuita.

"Ulimsikia akiita?"

"Nilihamia upande wa pili wa kibanda," Saturnini alisema. "Mwanangu, mimi nilitumwa."

Jioni yake Scholastika alikaa na Fortunatus barazani kwa mama, wakimenya mihogo kama zamani. Alimpa ahadi ileile, na Fortunatus akamwaga yote, tena kwa unafuu, kama mtu anayefungua mkanda baada ya kushiba. Ndiyo, alikuwepo ofisini mratibu alipoongea na simu. Aliyasikia maneno. Hakusema kitu kwa sababu hayakuwa mambo ya habari. Yeye kazi yake ni habari. Baadaye, habari ilipopatikana, aliiandika. Yale maneno "kwa nia ya kuiba" yalikuwa yake. Aliona yanasomeka vizuri.

Alisema pia kwamba alikuwepo afisa mifugo, mwanamke anaitwa Tunu, aliyeletewa karatasi ya kuthibitisha kwamba boma lina maji. Tunu alikwenda, akaona, akarudi, akakataa kutia saini. Tena aliambiwa kuna mtu amefungiwa humo, akampigia mratibu mbele ya ofisi nzima, akamwambia atoe ng'ombe na mtu kabla hawajafa. Siku ileile akapewa barua ya uhamisho.

"Alijitakia," Fortunatus alisema, akitema nyuzi za muhogo. "Mtu unaona kabisa upepo unaelekea wapi."

Scholastika alimenya muhogo wake mpaka ukaisha mkononi. Mtoto ambaye yeye alimpigania kwa mawe alipoitwa yatima njiani ndiye huyu. Alimdharau, na dharau yenyewe ilimuuma kama jino.

Hata hivyo, na hili lisifichwe, ndani yake kulikuwa na furaha ya kitaalamu. Kila kipande kilikuwa mahali pake kama vile vitabu vilikuja kutembea kwa miguu. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja kabla ya kikao cha kamati, andiko lake likiwa bado halijaandikwa, alipewa lifti na Alfred kwenda kijiji cha Likunja na kurudi, na njiani Alfred akamuuliza kwa upole ameona nini. Scholastika akamweleza. Alimweleza shinikizo la malengo, kazi iliyokatwa vipande, lugha inayopofusha, uongozi unaojikagua wenyewe. Hakutaja aliyesema nini, ila nadharia yote aliimwaga, kwa majivuno, akiamini mtu yule anayechokonoa meno haelewi hata neno moja. Dharau ina ubaya huo: humfanya mtu aone mwenzake hana masikio. Karibu na Ruangwa mjini, Alfred alikuwa ameacha kuchokonoa meno. Scholastika hakuliona hilo.

Kamati ilikaa Nachingwea, katika ukumbi wa kukodi wa sherehe, mapambo ya harusi ya zambarau yakiwa bado yananing'inia ukutani. Wajumbe walikuwa wametoka mbali na uchovu ulionekana nyusoni mwao. Wana kikosi waliketi mbele. Saturnini aliwekwa kona, karibu na mlango. Rahabu na shemeji zake walikaa nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki, maana mbele palikuwa na kibao kilichoandikwa "Wadau".

Wana kikosi walisoma taarifa, wakasoma nyingine inayofanana nayo. Habari ya kukanyagwa haikutajwa tena. Daktari aliyeuchunguza mwili alishaipinga, na Alfred hakuwa mjinga wa kung'ang'ania nguo iliyochanika. Aliposimama alikuwa amevaa nguo mpya.

"Waheshimiwa, tusitafute mchawi," alisema kwa sauti ya chini yenye majonzi. "Tulipewa malengo ambayo njia za kawaida zisingeyafikia. Kazi iligawanywa, hakuna aliyeiona nzima. Lugha yenyewe ya zoezi ilitupofusha. Kilichomuua marehemu ni mfumo. Sisi sote, na mimi nikiwemo, ni waathirika wa mfumo. Mtaalamu wa mambo haya tunaye hapahapa, binti wa Nachingwea, naye atathibitisha."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kwa staha. Neno mfumo liliwaingia kama uji kwa mgonjwa: halina mfupa, halina mwiba. Scholastika alijisikia kama mtu anayekutana na khanga yake sokoni, imevaliwa na mwizi, na mwizi anamsalimia. Kazi ya miaka yake yote ilikuwa imesimama pale mbele, ikimtetea Alfred.

Mwenyekiti alimgeukia akamuuliza kama anakubaliana na mratibu.

"Nakubaliana naye kuhusu jinsi ilivyotokea," Scholastika alisema. "Maneno hayo ni yangu, ameyachukua kwenye gari. Lakini daktari akikueleza mumeo alipataje kisonono, hajakwambia kwamba hakukukosea."

Viti vya nyuma vikacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Ofisi ileile, chini ya mkubwa yuleyule, na malengo yaleyale, alikuwepo afisa mifugo anaitwa Tunu. Aliletewa karatasi aseme boma lina maji. Akakataa. Mfumo ulimfanya nini? Ulimhamisha. Haukumla. Basi mlango ulikuwepo, na kila mtu aliyekuwa mle ndani aliuona, kwa sababu walimwona mwenzao akipita. Mfumo unamsogeza mtu karibu na uovu, unamsukuma, unampa maneno matamu ya kujifunika. Yote hayo ni kweli na nitayafundisha mpaka nizeeke. Lakini mfumo haukushika ufunguo. Mfumo haukusema kwenye simu."

"Nani alisema kwenye simu?" mwenyekiti aliuliza.

Hapo alikumbuka ahadi yake. Alimtazama Saturnini kwenye kona. Alimtazama Fortunatus, aliyekuwa anapanga kalamu zake sambamba. Akili ilimwambia ataje na liwe liwalo. Kitu cha zamani zaidi kuliko akili kikamzuia, kwa kuwa kama naye angevunja neno lake kwa sababu nzuri, asingekuwa tofauti na hawa, ambao kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

"Waliosikia wamo humu," alisema. "Mimi nimefungwa na ahadi. Wao hawajafungwa na kitu."

Nyuma kabisa Rahabu alisimama. Hakuomba ruhusa. Aliwatazama wana kikosi mmoja mmoja, safu kwa safu, kwa utulivu, jinsi mfugaji anavyotazama kundi jioni kujua ni nani hayupo. Saturnini aliangalia viatu vyake. Fortunatus akaangusha kalamu akainama kuitafuta, akakaa chini ya meza muda ambao kalamu haihitaji. Rahabu akaketi, na mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai.

Ripoti ilitoka baadaye, na ilikuwa nzuri kusoma. Ilisema kulikuwa na mapungufu ya kimfumo. Ilipendekeza semina. Alfred alihamishiwa mkoa mwingine, kwenye cheo kikubwa zaidi, na wenzake wakamfanyia karamu ya kumuaga wakamvisha shada la maua. Fortunatus aliandika habari ya karamu hiyo. Lakini kwa sababu maiti ilikuwepo, na watu wa Chunyu hawakunyamaza, ilibidi mtu akamatwe. Wakamkamata Saturnini. Mfumo, kumbe, ulikuwa shuka fupi. Ulimfunika mratibu kuanzia kichwani, ukamfunika afisa habari na wengine wenye meza. Ulipofika kwa mlinzi, ukaisha.

Scholastika alipata habari akiwa chuoni. Aliifunga kompyuta katikati ya sentensi, akapanda basi. Alimkuta Saturnini mahabusu, amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Mzee yule hakumlaumu. Alisema amekaa humo akingoja mkubwa yeyote aje aseme neno, na hakuna aliyekuja. Hata aliyempelekea uji alikuwa mtoto wa dada yake.

"Ile ahadi uliyonipa ilikuwa yangu," alimwambia. "Naivunja mimi. Sema ulichosikia. Na mimi nitasema, nikianza na ya kwangu."

"Ya kwako itakufunga, mzee wangu."

"Najua. Si nilifunga?"

Scholastika, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikunjua pua, aliinamisha kichwa.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Fortunatus. Alimkuta nyumbani kwake, nyumba mpya yenye vioo vya bluu. Alimwambia Saturnini ameamua kusema na Tunu amekubali kutoka alikohamishiwa kuja kutoa ushahidi wa simu yake. Kilichobaki ni mtu mmoja aliyesimama kando ya mratibu akasikia amri kwa masikio yake. Alimsihi. Alimkumbusha mama, alimkumbusha sahani moja. Fortunatus alisikiliza huku akizungusha funguo za gari kidoleni. Akasema ana familia. Akasema mambo haya yataisha, na yeye atabaki hapahapa. Kisha, kwa kutaka kulainisha, akatabasamu akauliza kuhusu kitabu ambacho aliambiwa dada yake anaandika juu ya jambo hili.

"Mimi umeniweka sura ya ngapi?"

"Wewe huna sura," Scholastika alisema.

Alitoka bila kunywa soda aliyofunguliwa. Njia nzima alitaka kulia na hakulia; ilimjia tu picha ya mtoto mwenye kamasi aliyekuwa akimshika gauni kwa nyuma wakienda kisimani, na akajiuliza ni siku ipi hasa mtoto yule aliachia gauni lake akashika la mwingine. Nadharia zake zote hazikuijua siku hiyo.

Kesi ilichukua muda, kama kesi zinavyochukua. Saturnini alisimama kizimbani akasema alichofanya bila kukipamba, mpaka pale alipohamia upande wa pili wa kibanda ili asisikie. Alipofika hapo wakili wake mwenyewe alijaribu kumnyamazisha. Tunu alifika, mwanamke mfupi mwenye miwani, akaongea kama anayesoma tangazo. Wakili wa upande wa pili alimuuliza ni ujasiri gani ulimfanya apingane na mkuu wake. Akajibu kwamba haukuwa ujasiri wowote. Alikwenda, hakuona maji, hangeweza kuandika kwamba ameyaona. Scholastika naye alisema alichoambiwa na Saturnini, na alipoulizwa kama kuna shahidi mwingine aliyeisikia amri ile, alisema yupo, na kwamba kumtaja ni juu ya shahidi huyo mwenyewe. Fortunatus alikuwa ameketi ukumbini kwa ajili ya kuandika habari. Aliandika.

Alfred alikuwa ameletwa kutoka kwenye cheo chake kipya na kuunganishwa kwenye shtaka. Alijitetea vizuri kwa lugha nzuri. Jaji, mama mmoja mwenye kukohoa, alimwacha amalize mambo ya mfumo, kisha akamuuliza kama simu iliyopigwa kwake siku ile ilipokewa na mfumo au na yeye. Mwishowe wote wawili walihukumiwa kwa kuua bila kukusudia: Alfred kifungo kirefu, Saturnini kifupi. Saturnini aliitikia kwa kichwa. Alfred alilia kwa sauti, akisema alitumwa, ana wakubwa wake, waulizwe wakubwa wake. Hakuna aliyewauliza. Wiki hiyohiyo kikosi, kilichokwisha kupata mratibu mwingine, kilipewa jina jipya, Bonde la Matumaini, na tisheti zikachapwa.

Scholastika alikwenda Chunyu kupeleka habari, kwa kuwa Rahabu hakuja siku ya hukumu. Alikuwa na ng'ombe mgonjwa. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, mbele na nyuma, kwa mwendo ambao haukukatika hata alipomkaribisha mgeni. Ng'ombe waliosalimika bomani walikuwa wachache, na mbavu zao zilianza tu kufichika. Scholastika alimsimulia yote: Saturnini alivyosema, Tunu alivyojibu, miaka waliyopewa. Hakuficha kwamba wengine wapo kazini, wala kwamba mmoja wao ni ndugu yake.

Rahabu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama yule mkubwa, alipohukumiwa, alisema neno lolote juu ya marehemu.

"Hapana. Alisema alitumwa."

Mikono ya Rahabu ikasimama. Alitema mate pembeni, mbali na kibuyu, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuchafua maziwa kwa jina la mtu kama yule.

"Wote walitumwa," alisema. "Na Ndalahwa? Alitumwa na nani kupeleka maji?"

Rahabu akafungua kibuyu, akachungulia kama siagi imekusanyika, akaona bado. Akammiminia mgeni maziwa ya mtungi kwenye kikombe cha bati. Scholastika akanywa yote, akashukuru, akamsaidia kumshika ng'ombe mgonjwa wakati anapewa dawa, na gauni lake la mjini likapakwa mavi mpaka magotini. Mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yanajikusanya upande wa Nachingwea alipopanda bodaboda kuondoka.